Mtoto Mdogo na Kitabu cha Picha

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wametuuliza baadhi ya ndugu zetu wa Likoni, na wengine wa Kisauni na Changamwe, masuala matatu yaliyo karibu karibu. La kwanza: Je, mtoto wa mwaka mmoja au miwili, asiyejua alifu wala be, afaidi nini kwa kufunguliwa kitabu? La pili: Mama au nyanya asiyejua kusoma, aweza kumsomea mtoto? La tatu: Vitabu vya watoto vimejaa picha za watu na wanyama, je, yafaa kuviingiza nyumbani mwetu? Tumeona bora kuyajibu yote katika somo moja, kwani shina lake ni moja, nalo ni malezi ya mtoto kabla hajafika mlangoni pa skuli na chuoni.

Jambo hili si dogo, ijapokuwa laonekana dogo. Twalalamika mabarazani kwamba watoto wetu wa pwani wabaki nyuma katika masomo. Twawalaumu waalimu, twailaumu serikali, twawalaumu hata watoto wenyewe. Lakini tujiulize kwa insafu: mtoto wetu akikalishwa darasani siku ya kwanza, ni mara ya ngapi kushika kitabu? Wengi wao ndiyo mara ya kwanza. Mwenziwe aliyezoea vitabu tangu kupakatwa ajua kitabu hufunguliwa upande gani, ajua kwamba michirizi ile myeusi yasema maneno, na ajua kwamba ndani yake mna jambo la kufurahisha. Wetu hujua jambo moja tu, kwamba kitabu ni kitu ambacho mtu hupigwa kwa sababu yake. Basi mbio zimeanza, na mmoja yuko nyuma kabla hajainua mguu.

ASILI YA VITABU VYA PICHA

Wako wanaodhani kwamba kitabu cha picha ni jambo lililoletwa na Wazungu. Sivyo. Ibn al-Muqaffa, aliyeishi katika karne ya 8, alipokifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Kalila wa Dimna, alieleza katika utangulizi wake makusudio yake. Miongoni mwayo ni kwamba visa vile vimetiwa vinywani mwa wanyama ili vijana wavutike kuvisoma, na kwamba sura za wanyama zimechorwa kwa rangi mbali mbali ili nyoyo za wafalme zifurahi, nao wazidi kukipenda kitabu. Na mwaka 634 wa Hijra, ndio 1237 wa miladi, Yahya bin Mahmud al-Wasiti aliandika na kuchora nakala ya Makamat ya Hariri ambayo hata leo imehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, mjini Paris. Ulaya ilichelewa. Kitabu kinachotajwa sana kuwa cha kwanza cha picha kilichotungwa khasa kwa ajili ya kuwafundisha watoto ni Orbis Pictus cha Jan Amos Comenius, kilichopigwa chapa Nuremberg mwaka 1658.

Hapa petu vile vile mapenzi ya vitabu si mapya. Mwaka 1903 ilifunguliwa kisiwani Mvita maktaba ya Seif bin Salim, iliyokuwa na chumba cha kusomea bure, nayo hutajwa kuwa miongoni mwa maktaba za mwanzo kabisa za Kenya. Na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia watu mambo yao kwa lugha waifahamuyo. Basi ikiwa mtu mzima astahili kusemeshwa kwa lugha yake ili afahamu, mtoto mdogo je?

FAIDA YAKE

Suala la kwanza latafuta faida. Twasema: faida ya kitabu cha picha kwa mtoto mdogo haimo kitabuni peke yake, imo katika mazungumzo yanayozaliwa na kitabu kile. Tazama mazungumzo yetu ya kila siku na watoto: "Njoo hapa." "Wacha hiyo." "Kula." "Nyamaza." Haya ni maamrisho, nayo ni machache, na hurudiwa rudiwa. Mtoto hutii au hukataa, lakini hajibu. Akifunguliwa picha, mambo hubadilika. Mbele yake pana jahazi, tanga, nahodha, wimbi, ndege juu ya mlingoti. Maneno ambayo yasingetajwa mwezi mzima jikoni yatatajwa kwa dakika moja. Tena mama na mtoto watazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo neno hushika: mtoto aona kitu, asikia jina lake papo hapo, na aliyemtajia ni mtu ampendaye.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Huko Khayelitsha, mtaa wa watu maskini karibu na Cape Town, walezi 91 wenye watoto wa miezi 14 mpaka 16 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki nane namna ya kutazama kitabu pamoja na mtoto, na kundi la pili halikufundishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: watoto wa waliofundishwa walizidi kufahamu maneno na kuyasema, na walizidi pia kutulia juu ya jambo moja. Zingatia umri wao. Hawa si watoto wa skuli. Ni watoto ambao wengi wetu twasema kwamba hawajui kitu.

ASIYEJUA KUSOMA

Suala la pili lina jibu lililo karibu nasi zaidi, kwa sababu lilichunguzwa hapa hapa Kenya, katika vijiji vya magharibi ya nchi. Walichukuliwa walezi 357 na watoto wao 510, wa miezi 24 hadi 83, yaani tangu miaka miwili hata karibu na miaka saba. Wengine walipewa vitabu vya hadithi vyenye picha, vilivyotungwa kwa lugha yao na kwa mambo ya kwao. Wengine walipewa vitabu hivyo na wakafundishwa pia namna ya kuvitumia. Na wengine hawakupewa. Khabari yake ilitolewa mwaka 2020. Waliopewa vitabu na mafunzo pamoja walizidi kuwasomea watoto wao, tena kwa namna iliyo bora, na watoto wao walijua kuyasema maneno ya vitabuni kuliko wengine. Watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika kama wenzao, na katika mambo mengine waliwapita.

Ndugu msomaji, litafakari hilo. Mama wa Mtongwe ambaye hakupelekwa skuli, na nyanya wa Mwakirunge ambaye hajui herufi, hawana udhuru, tena hawana haja ya kuona haya. Picha haina herufi. Nyanya aliyekuwa akiwakusanya wajukuu usiku, akawatolea hadithi ya Sungura na Fisi kwa Paukwa na Pakawa, ana elimu ambayo wengi wenye vyeti hawana: ajua kupandisha sauti na kuishusha, ajua kunyamaza mahali pa kunyamaza, ajua kuuliza, "Mwafikiri alifanyaje?" Mpe kitabu cha picha mkononi, naye atakitolea hadithi yake mwenyewe. Leo iwe hivi, kesho iwe vingine, hapana ubaya.

NAMNA YA KUMSOMEA

Sasa twaingia katika kazi yenyewe. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba kusoma na mtoto ni kumsomea maneno tangu mwanzo mpaka mwisho, naye akae kimya kama mtu aliye katika hotuba. La, sivyo. Shika mambo haya saba.

1. Mpakate, au mkalishe ubavuni, kitabu kiwe mbele yenu nyote wawili. Uso wake uuone, ili ujue anatazama wapi.

2. Mwachie akishike na kuzifungua kurasa mwenyewe. Akiruka kurasa tatu, nenda naye. Akirudi nyuma, rudi naye. Akitaka picha moja tu ya paka leo yote, basi leo ni siku ya paka. Mtoto aliyeachiwa kuongoza hukaa; mtoto anayeburutwa hukimbia.

3. Anza kwa kutaja. Wa mwaka mmoja mtajie jina la kitu huku ukikionyesha kwa kidole: "Kunguru. Tazama kunguru." Akikionyesha yeye kwa kidole, huko ndiko kuuliza kwake, basi mjibu.

4. Kisha uliza. Wa miaka miwili muulize, "Huyu nani? Afanya nini?" Wa miaka mitatu na minne muulize, "Kwa nini alia? Sasa itakuwaje? Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Jiepushe na maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au la peke yake, kwani hayo hufunga mlango badala ya kuufungua.

5. Baada ya kuuliza, ngoja. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtu mzima huuliza, na kabla mtoto hajakusanya maneno yake, yeye mwenyewe hujibu. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mtoto yumo kazini.

6. Akijibu, lipokee neno lake na uliongeze kidogo. Akisema "Gari," sema, "Naam, matatu kubwa, yapanda darajani." Akikosea usimcheke wala usimkaripie. Akimwita mbuzi "ng'ombe," sema kwa upole, "Wafanana kweli, wote wana pembe. Huyu ni mbuzi."

7. Iunge picha na maisha yake. Hapo ndipo kitabu hutoka karatasini kikaingia akilini.

Na huu hapa mfano. Picha yaonyesha mwanamke aliyejifunga leso, amebeba kapu, yuko ufukweni.

Mama: "Huyu nani?"
Mtoto: "Mama."
Mama: "Naam, mama. Ameshika nini mama?"
(Amngoja.)
Mtoto: "Kapu."
Mama: "Ndiyo, kapu la ukili, tena limejaa samaki. Samaki hawa amewatoa wapi?"
Mtoto: "Pwani."
Mama: "Wametoka pwani. Nasi tulipokwenda pwani kupanda feri, uliona nini, mwanangu?"
Mtoto: "Maji mengi! Na baba."
Mama: "Maji mengi, na baba alikubeba mabegani."

Tazama mazungumzo haya. Hayakuchukua hata dakika mbili, na hapana neno moja lililosomwa. Lakini mtoto ametaja, amejibu, amekumbuka, na ameyapanga mambo yaliyopita kwa ulimi wake. Huo ndio msingi wa elimu zote zitakazokuja baadaye, kwani asiyeweza kueleza alilolifahamu, ufahamu wake haujatimia.

Muda nao usiwe mzigo. Dakika kumi zatosha, baada ya magharibi au kabla ya kulala, maadamu ni kila siku. Na akitaka kitabu kile kile mara ishirini, usichoke. Wewe wakijua, yeye bado anakijenga. Mara ya kwanza huona rangi, mara ya tano hujua majina, mara ya kumi hujua kisa, na mara ya ishirini hukutolea wewe hadithi.

SUALA LA PICHA

Suala la tatu ni la hukumu, nalo lina khitilafu ya wanazuoni iliyo mashuhuri. Tutaieleza kwa ufupi, wala hatutamtoa mtu katika msimamo wake.

Zimekuja hadithi sahihi zinazomkataza mtu kutengeneza sura za vyenye roho. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, naye ni tegemeo kubwa katika madhehebu yetu ya Shafii, ameshikilia kwamba katazo hilo laenea sura yenye kivuli na isiyo na kivuli. Lakini amebainisha pia kwamba picha ya mti na mfano wake si haramu, na kwamba sura iliyo mahali pa kudharauliwa, kama busati likanyagwalo au mto wa kuegemea, haina hukumu ya iliyotundikwa ukutani kwa kutukuzwa. Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, amepokea kutoka kwa Kasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abu Bakr, kwamba yeye aliruhusu picha isiyo na kivuli. Ama picha za kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliziandikia risala akazihalalisha, kwa hoja kwamba huko ni kukizuia kivuli, na si kuumba mfano.

Katika jambo la watoto pana dalili iliyo mahsusi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha alikuwa na vitoto vya kuchezea katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akicheza navyo pamoja na wasichana wenziwe. Na Mtume alipoingia wao wakijificha, yeye akiwarudisha kwake wacheze. Abu Daud ameongeza kisa cha farasi mwenye mbawa za vitambaa, ambaye Mtume alimwona akacheka. Kadhi Iyadh na wengineo wakasema kwamba vitoto hivyo vimetolewa katika katazo, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo ya malezi na mambo ya nyumba kwa wasichana. Basi ikiwa sanamu yenye kivuli imeruhusiwa kwa mtoto kwa ajili ya mafunzo, picha iliyo ndani ya kitabu, ambayo hufunikwa, hushikwa shikwa na hata kutafunwa, iko mbali zaidi na kutukuzwa.

Rai yetu ni kwamba hapana ubaya, kwa masharti mawili: picha isiwe na uchafu wa tabia, wala isifundishe jambo linalopingana na itikadi. Na ambaye moyo wake hautulii, njia yake i wazi. Ibn Abbas alimwambia mchoraji achore miti na visivyo na roho. Basi naye achague vitabu vya matunda, majahazi, nyota, majumba, magari na vyombo vya nyumbani, navyo si haba. Lisilofaa ni kumnyima mtoto kitabu kwa kuiogopa picha, kisha kumpa simu yenye picha elfu zinazokwenda mbio.

VITABU VITATOKA WAPI

Atasema msomaji: "Vitabu ni ghali." Tumesikia. Lakini katika arusi zetu twatumia pesa ngapi kwa usiku mmoja? Na nguo ya Idi ya mtoto wa miaka miwili, ambayo baada ya miezi mitatu haimtoshi, yanunuliwa kwa shilingi ngapi? Kitabu kimoja kitamtumikia yeye, na nduguye, na mtoto wa jirani.

Na asiyekuwa na pesa kabisa bado ana njia. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika ya Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, umeweka katika intaneti hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimojawapo, nazo mtu aweza kuzipiga chapa. Vile vile kitabu chaweza kutengenezwa nyumbani: kata picha za kalenda kuukuu, za magazeti na za maboksi ya biskuti, zibandike juu ya kadibodi, zishone kwa uzi. Chora mnazi, mbuyu, feri ya Likoni, mkokoteni wa Kongowea, gari moshi la Miritini. Mtoto hufurahi mno kukiona kitabuni kile akionacho mlangoni pake.

Kutumia vitu vya kwetu kumfundishia mtoto si jambo la kubuni leo. Mpango wa Madrasa, ulioanza hapa Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, uliunganisha mafunzo ya dini na malezi ya watoto wadogo kwa vifaa vilivyopatikana mtaani. Ukafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wenzetu walichukua mfano kutoka kwetu. Itakuwa aibu sisi tuliokuwa chimbuko tukawa wa kuusahau.

Na katika lugha ya kitabu, anza kwa Kiswahili. Mwaka 1971 Mmarekani Muriel Feelings, aliyewahi kusomesha Uganda, alitoa pamoja na mumewe Tom Feelings, aliyekichora, kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto wa Marekani kuhesabu kwa Kiswahili, moja mpaka kumi, jina lake Moja Means One. Na mwaka 1972 kikapata heshima ya Caldecott, inayopewa vitabu bora vya picha kwao. Watu wa mbali wajifunza hesabu ya kwetu kwa fahari, na baba wa Kisauni aona haya mwanawe asipoitaja kwa Kiingereza! Kiingereza kitakuja, nacho kina manufaa. Lakini mtoto hujengewa nyumba juu ya msingi alio nao, nao ni lugha ya mamake.

HOJA ZA WENYE KUKATAA

Wasema: "Mtoto atakirarua." Naam, huenda akararua. Hakuna mtoto aliyezaliwa akijua kufungua ukurasa. Hujifunza kwa kufungua. Kishone upya, umfundishe adabu ya kitabu, na usikifungie kabatini.

Wasema: "Simu yamtosha, ina picha na sauti." Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mwaka 2019 likaeleza kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha televisheni au simu, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na saa za kukaa kitako, likapendekeza kusomewa na kutolewa hadithi na mlezi wake. Sababu i wazi. Simu husema bila kusikiliza. Haingoji jibu la mtoto, wala haijui kwamba juzi alibebwa na babake mabegani.

Wasema: "Hiyo ni kazi ya mama," na msemaji ni baba aliyekaa barazani tangu alasiri hata isha. Kwake twasema: Mtume wetu aliwabeba wajukuu zake hata katika Sala. Wewe ni nani hata upungukiwe heshima kwa kumpakata mwanao na kumwonyesha picha ya jahazi?

TAMATI

Kazi ya wiki hii kwa kila mwenye mtoto mdogo, au mjukuu, au mtoto wa nduguye, ni hii: apate kitabu kimoja cha picha, cha kununua au cha kushona, akae na mtoto dakika kumi kwa siku saba, na ayashike yale mambo saba tuliyoyataja, khasa la kungoja. Katika darsa ijayo, inshallah, kila mmoja atueleze neno moja jipya alilolisikia kwa mtoto wake.

Wabillahi taufiki.